Tugawane Si Jina Langu

Mama, Juba wangu,

Leo nimeianza barua hii mara kadhaa, na kila mara nimeinuka. Nimekwenda dirishani, nimerudi. Nimetoka barazani kutazama kama mvua imepungua, kana kwamba ikipungua nina mahali pa kwenda. Mvua ya Tukuyu unaijua, ikishakaa imekaa. Wanafunzi wamekwenda makwao, madaftari ya kusahihisha yako mezani, nami situlii. Sijatulia tangu tulipokuzika pale Masukulu, nyuma ya migomba. Kuna neno nataka kukuuliza, na najua hutanijibu, kwa hiyo nalizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi njiani.

Jina langu uliniambia mwenyewe lilikotoka. Kabla yangu walizaliwa wengine wawili, surua ikawachukua wakiwa bado wa mgongoni. Mimi nilipopona surua hiyohiyo, ulijifunga kitenge chako cha sikukuu ukanipeleka kanisani, na mchungaji alipouliza mtoto aitwe nani, hukungoja Tata, baba yangu, ajibu. Ulisema Atuganile. Ametupenda. Hukusema amenipenda. Ulitaka na wale wawili wawemo. Na katika kuniita hukulikata hata siku moja. Watoto wa jirani waliitwa kwa vipande vya majina yao, mimi niliitwa jina zima, hata ulipokuwa na haraka, hata uliponikasirikia kwa chungu nilichokipasua.

Nilianza shule wakati bendera yetu ilikuwa mpya hata machoni pa wakubwa. Tulijifunza wimbo wa taifa tukiwa peku kwenye majani yenye umande. Mwalimu wetu alitoka mkoa wa mbali, na Kinyakyusa hakukijua. Siku ya kwanza alilijaribu jina langu. Akasema Atunganile. Akasema Atuganilie. Darasa likacheka, naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya, kisha akasema ataniita Tugawane ili asiendelee kujiuma ulimi. Kufika mapumziko nilikuwa na ndizi ya kuchoma mkononi na wenzangu wamenizunguka, viganja vimenyooshwa, tugawane, tugawane basi.

Nilirudi nyumbani nikilia, nikakuomba unibadilishie jina, niitwe hata Rehema kama binti wa yule fundi cherehani wa sokoni. Ulikuwa unamenya ndizi za chakula cha jioni, na hukuacha kumenya. Ulisema jina si kiatu, kwamba likikubana unalivua. Halafu ukanituma maji.

Niliishi na Tugawane miaka yote ya shule. Wakati mwingine nilisahihisha watu, wakati mwingine nilichoka nikaitika. Nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu nilifurahi kwa sababu mbili, na moja ilikuwa kwamba huko hakuna aliyelijua jina lile la utani. Walilikosea kwa namna zao mpya, lakini angalau walilikosea jina langu mwenyewe.

Basi vijiji vya ujamaa vikafika kwetu. Masukulu hatukuhamishwa mbali kama tulivyosikia kwingine, nyumba zilikuwa zimekwisha kukaribiana. Tulipewa shamba la kijiji na zamu za kulima. Tata alikuwa balozi wa nyumba kumi, yeye ndiye aliyepita asubuhi kugonga milango watu watoke na majembe. Aliipenda kazi ile. Alikuwa akitembea tofauti siku za zamu, kifua mbele. Na wewe ulikuwa wa kwanza kufika shambani, mimi ni shahidi. Nasema hivi kwa sababu baadaye wapo walionong'ona kwamba ulikuwa unaupinga ujamaa.

Siku ya ule mkutano nilikuwa nimekuja likizo. Nilipewa kusoma risala ya vijana mbele ya mgeni rasmi, mkubwa mmoja aliyetoka nje ya wilaya. Nilipomaliza aliuliza binti huyu anaitwa nani. Mwalimu wangu wa zamani, aliyekuwa ameketi karibu naye, akajibu kwa fahari kwamba anaitwa Tugawane. Mgeni akasimama. Aliwaambia watu wamtazame binti huyu, kwamba wazazi wake waliuelewa ujamaa kabla haujatangazwa, wakamwita mtoto wao Tugawane. Uwanja mzima ukapiga makofi. Nilibaki nimeshika karatasi yangu, sijui nitabasamu au niketi. Kisha nikakuona umesimama katikati ya akina mama, mkono umekamata ncha ya khanga.

"Samahani, ndugu mgeni," ulisema. "Huyo haitwi Tugawane. Anaitwa Atuganile."

Mgeni alikujibu kwa upole kwamba ni lilelile tu, mama, na la muhimu ni maana nzuri iliyomo.

"Si lilelile," ulisema. "Samba tutagawana, na mbolea tutagawana. Huyu mtoto nimemsaa. Hatumgawani."

Kiswahili chako cha nyumbani, kisicho na sh wala z, kilifika mpaka walikosimama vijana pembeni. Watu wakacheka. Wengine walikucheka wewe, na wengine, nadhani, walimcheka mgeni, naye hakujua nani anamcheka nani. Tabasamu lake lilikwisha. Nilimtafuta Tata kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Hawakukuita wewe. Walimwita yeye. Aliporudi kutoka kwa wakubwa alivua kofia, akaketi kwenye kigoda, akatueleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kwamba mtu asiyeweza kuongoza mke wake hawezi kuongoza nyumba kumi, na kwamba ubalozi amepewa jirani. Ulimwekea chakula. Hakukigusa.

"Umenivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya herufi," alikuambia.

"Kwa ajili ya mtoto," ulimjibu.

Niliwasikiliza nikiwa mlangoni, na jina langu, lenye maana ya kupendwa, likawa limesimama kati yenu kama ukuta. Nilitamani siku ile ungeniacha niwe Tugawane. Nilitamani pia nije nikukumbatie. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili, nilitoka nikaenda kukata majani ya ng'ombe ingawa yalikuwepo ya kutosha.

Mwezi haukuisha, Tata akaenda Kiwira kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Alisema anakwenda kutafuta kazi, na kazi aliipata kweli. Alituma chumvi, sukari, mara moja blanketi. Krismasi alikuja, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango kama mgeni, akasifu ndizi zako kama mgeni. Hakuwahi kukutolea neno baya. Mimi akaanza kuniita Mwalimu. Mwalimu, nipe maji. Mwalimu, habari za Tukuyu. Majirani walidhani ni heshima kwa sababu nilikuwa nimeanza kufundisha. Wewe na mimi tulijua anachokikwepa. Nilikuwa nimezoea watu wanaojaribu jina langu wakashindwa. Huyu alilijua vizuri na hakutaka kulitamka.

Hapa mjini nimeitwa kila namna. Mwalimu mkuu ananiita Atuganilie, na kila akimaliza ananitazama aone kama amepatia. Mama mmoja anayeuza vitenge sokoni, ambaye wazazi wake walitoka pwani, alijaribu mara nyingi, akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi nitakuita Bi Atu, Mungu anajua lililobaki." Nilimpenda kwa hilo. Lakini kila mwisho wa mwezi nilipanda gari la abiria nikaja kwako, na nilipokuwa bado kwenye kilima, kabla sijaona moshi wa jiko lako, nilikuwa nimeanza kungoja uniite.

Ulianguka shambani wakati wa kupanda maharage. Walikuleta hospitali ya hapa ukiwa umelala nyuma ya gari la mizigo, upande mmoja wa uso umeshuka, mkono wa kulia hauna kazi. Nilitoka darasani nikakimbia na chaki mkononi. Ulinitambua. Macho yako yalikuwa yaleyale. Mdomo ndio uliokataa.

Nilituma watu Kiwira. Tata alifika siku iliyofuata, makaa yamemwingia kwenye mistari ya viganja, hayatoki kwa sabuni. Aliketi upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Ulimtazama yeye, ukanitazama mimi, ukarudi kwake. Kisha ukaanza kuhangaika na mdomo wako. Nesi alisema usijisumbue, mama, pumzika. Hukumsikiliza, kama ambavyo hukuwahi kumsikiliza mtu ukiwa na la kusema. Ulisukuma sauti mpaka shingo ikasimama mishipa, na likatoka.

"Tugane."

Niliinama nikakuambia nipo, Juba, nipo hapa. Tata aliweka kofia usoni.

Tulipotoka nje tulisimama chini ya paa la bati, mvua inamwagika mbele yetu. Tata aliniuliza kama nimesikia ulichosema. Nilimwambia nimesikia, ameniita.

"Hakukuita," alisema. "Amesema tugane. Tupendane. Alikuwa anatuambia sisi."

Nilimweleza kwamba ni jina langu, ulimi wako umeshindwa kulifikisha, umeangusha mwanzo na mwisho. Alitikisa kichwa.

"Namjua mama yako. Jina lako hakuwahi kulikosea. Hata angekuwa anakufa asingelikosea."

Uliishi siku chache baada ya hapo bila kusema kitu kingine, ukaenda asubuhi moja Tata akiwa amekushika mkono usio na kazi.

Hilo ndilo ninalokuuliza, Juba. Ulikuwa unaniita, au ulikuwa unatuagiza? Kama uliniita, basi neno lako la mwisho ni langu, nami naweza kulibeba nikatulia. Lakini hapo Tata anabaki mikono mitupu, hakuachiwa kitu. Kama ulituagiza, yeye amesamehewa, na mimi nilikaa pembeni ya kitanda chako nikaitikia wito ambao haukuwa wangu. Nalala na swali hilo, naamka nalo. Nafundisha watoto kusoma silabi, tu, ga, ne, na katikati ya ubao nasimama, chaki imeganda, mpaka mmoja anauliza kama Mwalimu anaumwa. Nimewauliza wanawake wa kanisani, kila mmoja ana jibu lake. Nimejaribu hata kulitamka kama ulivyolitamka, nikiwa peke yangu, mdomo nimeukunja upande mmoja, nione ni kipi kinatoka. Vinatoka vyote viwili.

Tata hakurudi Kiwira. Amebaki Masukulu, analima, anafuga ng'ombe wako, anaepua ndizi zikiwa nusu mbichi kwa sababu hana subira. Baada ya mazishi tulikuwa tukikaa pamoja. Nilimwona anajitahidi. Alikuwa akifungua mdomo kuniita, anasita, halafu anasema wewe. Lile la Mwalimu alikuwa amekwisha kuliacha, na lingine lilikuwa halijafika. Nami sikumsaidia, kwa kuwa jina ni la anayeliita, huwezi kulitia mdomoni mwa mtu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Mvua ilikuwa imekata mfereji kutoka kwenye migomba ya juu, na maji yalikuwa yameanza kula udongo wa kaburi lako upande wa miguuni. Nilimkuta Tata pale na jembe, suruali imekunjwa hadi magotini, anajaribu kuyageuza maji huku anajenga ukingo wa mawe. Nilivua viatu nikaanza kumsogezea mawe. Tulifanya kazi hivyo muda mrefu, yeye ndani ya mfereji, mimi juu, tope linatuvuta miguu. Kisha jiwe moja kubwa likaanza kumponyoka. Alilizuia kwa goti, na bila kuinua kichwa akaita.

"Atuganile, shika huku."

Lote, Juba. Bila kulikata, bila kulisukuma, kama mtu ambaye hakuwahi kuacha kuliita. Nilisimama pale, mikono imejaa matope. Aliona sijasogea, akadhani kelele za maji zimenizuia kusikia, akaita tena kwa nguvu zaidi.

Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza. Nilinyamaza ili arudie.

Mvua bado inanyesha. Lala salama upande ule maji yasikofika, mama yangu.

Mwanao,
Atuganile