Mwenye Maji, Swali la Saba

Jumanne, 15 Januari 2002

Ndoo kumi na mbili asubuhi, kumi na mbili jioni. Mgongo umegoma. Miche elfu nne kwenye viriba, na yote ina kiu kama walevi wa Jumatatu. Mringaringa, mgrevilea, mikuyu michache. Mfongo, mfereji wetu, umefungwa tangu wiki iliyopita ili saruji ya banio, ukuta wa kugeuzia maji, ikauke. Tunachota kwenye chemchemi ya bondeni. Zamu ya leo ilikuwa ya Mama Siriaki na mwenyekiti wa kikundi chetu cha miti, Katekista Proti. Mama Siriaki alibeba. Proti aliangalia miche, akaisifu, akaondoka.

Fundi anasema Jumamosi maji yanaweza kurudi. Hewala. Wafadhili wameandika: dada Rehema wa ofisi ya Moshi atakuja tarehe 20 Februari kuhesabu miche iliyo hai. Ikimridhisha, tunapata awamu ya pili ya msaada: mabomba, na miti ya kuzungushia chemchemi zote tatu. Isipomridhisha, basi.

Jumamosi, 19 Januari

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio.

Banio limejengwa vizuri. Kilichobaki ni kuondoa mawe na majani ya migomba yaliyoziba mdomo, maji yaingie. Kazi ya dakika tano. Lakini jiwe la kwanza huondolewa na mzee wa mfongo, akishamwaga pombe ya mbege na kuwataja waliouchimba, kuanzia Ndemasi. Mzee wa mfongo ni shemeji Leonsi, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Alikuja saa tatu, koti la Jumapili, kibuyu mkononi. Watu walikuwa wengi.

Pembeni ya banio wafadhili wameweka ubao wa bati. Ulifika jana, tukausimamisha sisi wenyewe kwa furaha. Umeandikwa: MRADI WA KUKABILI MABADILIKO YA HALI YA HEWA. BANIO NA MFEREJI HUU NI MALI YA KIKUNDI.

Shemeji anajua kusoma. Alisoma mara moja, polepole, kidole hewani. Kisha akauliza nani ameandika. Wote wakanitazama mimi. Akageuka na kibuyu chake, akaenda nyumbani.

Mfongo bado umefungwa.

Jumapili, 20 Januari

Kikao baada ya misa. Mimi ndiye katibu, nilieleza. Fomu ya wafadhili, swali la saba: "Nani mmiliki wa chanzo cha maji?" Masharti yanasema chanzo kiwe cha kikundi, la sivyo hakuna msaada. Nikaandika: Kikundi. Watu kumi na tisa wakatia sahihi, na hakuna aliyeguna. Swali la nane lilitaka mabadiliko ya hali ya hewa kwa mistari mitano, na hilo ndilo lililonitoa jasho. Barafu ya Kibo, kahawa, mvua zisizo na adabu, vyote mistari mitano. Swali la saba sikulifikiria hata dakika. Ilikuwa karatasi tu.

Shemeji si mwanachama. Tulimwomba ajiunge. Akasema hajiungi na kitu kinachotaka picha ya pasipoti.

Nikauliza: basi nani ataondoa jiwe? Wote wanaogopa laana ya waliouchimba mfongo. Wakatoliki watupu, rozari mifukoni. Nikamgeukia katekista. Proti akasema, "Mimi hayo mambo siyaamini, Mwalimu. Ila nina watoto."

Na mimi? Nimefundisha sayansi kimu na Kiswahili miaka thelathini. Sikuondoa jiwe.

Jumatano, 23 Januari

Nimeandika barua ya kuomba radhi. Karatasi yenye jina la kikundi juu, kumbukumbu namba, muhuri chini, nakala kwa mwenyekiti. Barua safi. Mama Siriaki aliipeleka.

Imerudi haijafunguliwa. Ujumbe: barua za ofisi zipelekwe ofisini.

Jumatatu, 28 Januari

Miche ya safu za juu imekauka. Kama mia tatu. Jua halina huruma. Nilikwenda Himo kutafuta boza la maji. Lilipanda mpaka lami inapoishia, dereva akatazama njia yetu, akanitazama mimi, akageuza gari. Nauli nimetoa mfukoni.

Nyumba zote za chini hazina maji ya shamba. Nyanya zinanyauka. Hao ndio walioing'oa kahawa kwa sababu haina bei, sasa hata nyanya wanazikosa. Wanasema ni Mwalimu.

Leo nimemchukia shemeji. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema kokote. Mzee mmoja na kibuyu chake, na miche elfu nne.

Ijumaa, 1 Februari

Jua. Ndoo ishirini. Basi.

Jumapili, 3 Februari

Nilimkuta nje ya kanisa. Nikasema, "Shikamoo shemeji." Akajibu, "Marahaba, Mwalimu."

Mwalimu.

Tangu niolewe, miaka ishirini na tisa, hajawahi kuniita hivyo. Siku naletwa, mimi msichana wa Machame nisiyejua hata njia ya kisimani, ni yeye aliyesimama mlangoni akasema, "Mke wetu amefika, mpeni maji." Tangu hapo ni mke wetu. Mke wetu, umelimaje. Mke wetu, kuna ndizi zimeiva. Hata tulipomzika mdogo wake alinishika bega akaniita hivyo hivyo, na nikajua sitafukuzwa kwenye kihamba hiki, shamba la ukoo.

Nimelia jikoni. Halafu nimepika. Wali umeungua.

Jumanne, 5 Februari

Mama Siriaki amechoka nami. Tukiwa na ndoo kichwani akasema, "Mwalimu, barua! Wewe umeolewa huku au umehamishiwa? Isale hujui ilipo?"

Najua. Ukimkosea mtu, unampelekea jani la isale, mmea wetu wa mipakani, na akiletewa hawezi kukataa, hata kama umemuulia ng'ombe. Mimi nikapeleka muhuri. Hiyo ndiyo elimu yangu.

Nikazunguka kutafuta isale. Pale kitaluni kulikuwa na safu nzima, ua wa zamani. Tuliing'oa Oktoba tuweke senyenge, kwa sababu fomu ilitaka "uzio wa kudumu". Nani alitoa amri? Mimi. Isale ilisimama pale tangu babu zao na senyenge imeshaanza kushika kutu.

Pia mtu hajipeleki mwenyewe. Anatumwa mwanaume wa ukoo. Wangu amekufa, mwanangu Deo yuko Dar, na aliyebaki ndiye niliyemkosea.

Alhamisi, 7 Februari

Nimekwenda. Mama Siriaki mbele badala ya mwanaume wa ukoo, mimi nyuma na jani mkononi, nimelifunga fundo kama inavyotakiwa.

Shemeji alikuwa anamenya ndizi za mtori. Mama Siriaki akamkabidhi jani. Akaligeuza, akalitazama kwenye shina lilipokatwa.

"Hili ni la mpakani."

"Ndiyo, shemeji."

"Upande gani wa mpaka?"

Uongo ulikuwa karibu. Nikasema, "Upande wako. Kwangu yamekwisha."

Alicheka mpaka akakohoa. Mama Siriaki akampa maji. "Hata msamaha unaniomba kwa mali yangu!" Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Lakini jani alilishika. Hakuliweka chini.

Nilidhani atataka mbuzi. Nilikuwa nimeshamchagua. Hakutaka mbuzi. Wala ubao hakuutaja. Alisema, "Ulichokiandika, nenda kakifute kule ulikokipeleka. Ndemasi alichimba kwa mti uliochongwa ncha, jembe la chuma alikuwa hana. Hakuna aliyemnyima mtu maji, hata wewe uliyetoka Machame. Lakini mwenyewe ni nani, hilo halibadilishwi na karatasi."

Akarudi kwenye ndizi zake.

Ijumaa, 8 Februari

Kikao cha dharura. Proti akasema tungoje. Mgeni aje tarehe 20, ahesabu, awamu ya pili iingie, ndipo tuandike ya kufuta. "Ukweli hauozi, Mwalimu." Watu wakapiga makofi. Na kusema kweli ni hoja nzuri. Ningekuwa mwanachama wa kawaida ningepiga makofi mimi pia.

Nikasema isale imeshapokelewa. Siwezi kumpa mtu isale halafu nimwambie angoje tarehe.

Proti akasema basi, nikiandika, nijue naandika peke yangu. Sawa.

Jumatatu, 11 Februari

Nimeshuka Moshi. Barua ukurasa mmoja, bila muhuri. "Jibu la swali la saba halikuwa sahihi. Mfereji ni wa ukoo wa Ndemasi. Kikundi kinautumia kwa ruhusa yao, kama majirani wote. Aliyeandika vingine ni mimi." Nikatia jina langu.

Dada Rehema ni binti wa Soweto ya hapa Moshi, mpole, ushungi wake wa kijani. Alisoma mara mbili. "Mwalimu, ungejua ni vikundi vingapi vimejibu hivyo hivyo." Nikamuuliza wangapi wamekuja kufuta. Akatabasamu tu. Akasema hawezi kuificha, lazima iende Dar. Nikasema ndiyo maana nimeileta kwa mkono.

Nimekunywa soda stendi. Nilikuwa mwepesi, na nilikuwa na hofu. Vyote viwili.

Jumanne, 12 Februari

Nilimpelekea shemeji nakala. Aliisoma hadi sahihi, akaikunja mara nne, mfuko wa koti. Saa nne tulikuwa banioni. Hakuitisha watu lakini walikuja, habari huku haina miguu lakini inakimbia.

Akamwaga mbege. Akataja: Ndemasi, na aliyemfuata, na aliyemfuata. Majina tisa. Halafu la kumi, ambalo sikulitegemea, la mume wangu. Aliwahi kuziba ufa wa mfongo kwa siku mbili akiwa na homa. Nilikuwa nimesahau.

Jiwe likatoka. Maji yakaingia na matope yake, kelele nyingi. Proti alisimama mbali, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaja kunywa mbege kama wenzake.

Kuondoka, shemeji akasema, "Haya, Mwalimu."

Bado.

Jumatano, 13 Februari

Siku ya Majivu. Baada ya misa tukahesabu miche. Hai ni elfu mbili na mia moja na kitu. Iliyokufa ni viriba vitupu vya kutosha kufunika uwanja wa shule. Siwezi kumlaumu mtu.

Jumatano, 20 Februari

Dada Rehema amekuja. Kahesabu safu kwa safu, kashika majani, kapiga picha. Mbege hanywi, tukampa chai ya maziwa na ndizi za kuchoma. Aliomba kuonana na mzee wa mfongo. Wakakaa saa mbili. Alijaza kurasa za daftari lake: nani alichimba, zamu zinapangwaje, asiyekuja kusafisha anatozwa nini. Shemeji alimwita "mwanangu". Sikuitwa kwenye mazungumzo. Nilipeleka chai tu.

Akaniaga kwa mikono miwili. Kuhusu awamu ya pili hakusema kitu.

Jumanne, 12 Machi

Barua imefika. Wanatambua juhudi zetu. Wanasikitika. Umiliki wa chanzo haukidhi masharti. Hakuna awamu ya pili. Hakuna mabomba. Miche tuliyonayo tunaweza kubaki nayo.

Ahsante.

Wanachama saba wamejitoa. Proti ananipita njiani kama mti. Kama ningengoja siku kumi! Alikuwa na haki. Miaka thelathini nimewaambia watoto kwamba msema kweli hapotei. Nimesema kweli nikapoteza mabomba ya chemchemi tatu, na si yangu peke yangu. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 17 Machi

Waliobaki tuko kumi na wawili. Tumeamua kupanda tuliyonayo, chemchemi ya juu tu. Mvua bado. Zamani wiki hii tungekuwa tumeshalowa.

Mama Siriaki ameleta machipukizi ya isale kutoka kwao. Tumeyapanda kuzunguka kitalu, kwa ndani ya senyenge.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua bado. Mawingu yamefunika Kibo tangu juzi, hayashuki.

Asubuhi nilipita banioni. Ubao haupo. Shemeji ameung'oa, amekata bati, ametengeneza mlango wa kufungia maji. Maandishi yameelekea chini, kwenye maji. Unafunga vizuri kuliko mawe. Nguzo mbili za chuma ameziegemeza kwenye mgomba uliozidiwa na mkungu.

Mchana nilipalilia. Alhamisi ni zamu yangu ya maji, saa tisa, ila tangu mfongo ufunguliwe mimi hujiendea mwenyewe juu kuyageuza, kwa sababu hakuna anayeniambia. Leo nilikuwa bado natafuta jembe nikasikia sauti yake huko juu, nyuma ya migomba, akiita kama anavyomwita kila mwenye zamu.

"Mke wetu! Mke wetu, maji hayo yanakuja!"

Nikaitikia. Nikachukua jembe, nikaenda kufungua.