Futi ya Mama na Tumbo la Eliya

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kijenge tu wazima, na mparachichi umezaa mpaka majirani wamechoka kugawiwa.

Unauliza madaktari hujuaje kwamba mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa utumbo anahitaji kupasuliwa. Nilipokuwa shuleni, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni, mdogo wangu Eliya alilazwa akiwa mchanga, tumbo limevimba. Daktari alisema, "Likizidi kukua, tutampasua. Likipungua, tutasubiri."

Mama alikuwa fundi cherehani, na nesi akaazima futi yake kupimia tumbo lile, kila mara palepale kitovuni. Mimi nilishika ncha ya futi huku nikimwomba Mungu.

Asubuhi moja futi ililegea. Kabla nesi hajasema neno, Eliya akajamba kwa kishindo.

"Jamani, huyu mzee!" nesi akacheka. "Mama Eliya, piga vigelegele, utumbo umefunguka!"

Wodi nzima ikashangilia. Hakupasuliwa.

Nadhani walijua kwa kuangalia tena na tena, bila kuchoka.

Jumapili babu yako Eliya alikuja kula mtori, akalegeza mkanda palepale mezani. Nikatamani kuileta ile futi.

Bibi yako,
Ndeshi