Chapati Zangu na Kipimo cha Sukari

Jumatatu, 22 Septemba
Asubuhi sukari yangu 6.3. Chai bila sukari, yai moja, kutembea hadi mwisho wa mtaa wetu, Section 58, na kurudi. Mchana chapati moja ya atta, unga wa ngano usiokobolewa, na mchuzi wa ndengu niliopika mwenyewe, tangawizi na binzari za kutosha. Baada ya saa mbili: 12.9. Nimekasirika. Chapati moja tu!

Jumanne, 23 Septemba
Binti yetu Wambui amepiga simu. Mama yake humtumia namba zangu za sukari. Amri imetoka: Jumamosi nile chapati, nijipime mbele ya mama yake. Nikipita kumi, Jumapili nitapakuliwa kabeji ya kuchemsha.

Jumapili ya mwisho wa mwezi watoto wote huja, na chapati ni zangu. Nilijifunza kuzipika kambini Olkaria, kwenye visima vya mvuke, wanaume peke yetu, na tangu nioe hakuna aliyenishinda katika nyumba hii. Leo nile kabeji mbele ya wakwe zangu? Aibu gani hiyo.

Jumatano, 24 Septemba
Nimekula sukuma wiki kwanza, kisha chapati ya mafuta kidogo. 12.1. Nimelaumu mashine. Mke wangu Njeri akaniuliza, "Baba Wambui, miaka yote ukisoma geji za mvuke, geji ikipanda ulikuwa unagombana na geji?"

Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 26 Septemba
Nimeipata! Nilikuwa nakanda unga, mawazo mbali. Maji moto, chumvi, kisha mkono ukaenda wenyewe kwenye mkebe wa sukari. Huwa vijiko vitatu vilivyojaa. Ndivyo tulivyofanya kambini ili chapati zipate rangi. Nikasimama, kijiko hewani.

Mjinga mimi. Miezi minne chai nimeinyima sukari, kumbe naila kwenye chapati. Mazoea yana taabu, walisema.

Nimeirudisha sukari mkebeni. Na upana wa chapati nimepunguza. Zilikuwa zinajaa sahani.

Jumamosi, 27 Septemba
8.7!! Njeri ameona kwa macho yake. Nimezunguka ua mara tatu nikijisifu. Mimi mwenyewe nimempigia Wambui, na habari ya mkebe nikamwambia, maana angeambiwa tu na mama yake. Alicheka hadi akashindwa kuongea. Acheke. Mpishi ni mimi.

Jumapili, 28 Septemba
Watu kumi na mmoja. Kuku wa mchuzi, ndengu, sukuma, chapati zangu. Hakuna aliyegundua kwamba sukari haimo. Mume wa Wambui alisema, "Mzee, leo umetuweza." Nilijifanya sijasikia ili arudie.

Nilikula moja, polepole, nikichovya. 8.4. Wambui alisoma kwa sauti, meza nzima ikapiga makofi.

Ndipo Njeri akachukua chapati ya pili. Tangu niambiwe nina sukari sijamwona akila zaidi ya moja. Miezi minne, na hakuwahi kusema neno.

Vyombo vya leo nimeviosha mimi, vyote.