Kisanduku cha tatu

Jesca, mie ni mtu mbaya. Nimetoka Goba sasa hivi.

Si nilikwenda kufunga mtandao kwa yule bosi, Ferdinand? Nikaunganisha modemu, nikazima wifi ya ruta ya zamani, nikaweka meshi, vile visanduku vitatu vya kusambaza wifi nyumba nzima. Kimoja sebuleni, kimoja ghorofani.

Baba yake, Mzee Marselino, anakaa chumba cha uani. Akaniomba, "Mwanangu, cha tatu niwekee mie. Binti yangu Anjelina kajifungua huko Masasi, nataka nimwone mjukuu kwenye video."

Ferdinand akacheka! Mbele ya baba yake! "Huyu hata simu anaishika juu chini. Kaweke kwenye banda la mbwa, kule kuna kamera."

Banda la mbwa, Jesca. La MBWA.

Na mie nikasema "sawa bosi", nikaenda kuweka.

Aliyenishikia ngazi ni mzee mwenyewe. Nilivyoshuka akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanawe asisikie: "Nikileta kigoda hapa kwa mbwa, Anjelina nitampata?"

Nikamwambia utampata, baba.

Akanishukuru, Jesca. Akanishukuru!