Banda Lenye Madirisha Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Bosi wangu, mwanamke wa maneno machache, ameniita asubuhi. Anataka banda la kuku nyuma ya nyumba, liishe kabla hajasafiri. Nafungua geti, naosha magari, nalima bustani — sasa na useremala! Nikamwambia sijawahi kujenga banda. Akasema, wewe si mtu wa shamba?

Basi. Mbao kuukuu zimejaa misumari. Nimeshinda naing'oa na kuinyoosha juu ya jiwe. Kidole gumba kimevimba.

Jumanne, 4 Machi

Mama amepiga simu. Huwa hatuna maneno — mzima? mzima. Miaka minane hatujaonana. Leo amesikia nyundo. Unajenga nini? Banda la kuku. La nani?

Langu, nikasema. Limenitoka tu.

Akarudia, lako? Halafu: "Kumbe umepata kwako, baba!" Sauti kama ya msichana. Sikumsahihisha. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa anapiga kila siku. Fundi mkuu wa kwenye simu! Nguzo nizipake oili chafu, mchwa wasizile. Wavu niuchimbie chini shubiri nzima, maana nguchiro hachoki kuchimba. Fito za kulalia ziwe za mviringo, si mbao bapa, kuku apate pa kushika. Na madirisha mawili, yatazamane, hewa ipite. Nilikuwa nimeacha moja. Nimekata la pili.

Dereva wa bosi ameleta wavu. "Injinia! Ukimaliza unijengee na mimi." Nikamsimulia habari ya mama. Amecheka hadi ameshika boneti. Eti mama akija, nimwambie yeye ni dereva wangu.

Akija! Haji. Goti lake haliwezi safari ya siku mbili.

Jumapili, 9 Machi

Banda limekwisha. Limesimama sawasawa, hapo sijisifu bure. Bosi amelizunguka na miwani yake, akaona oili imedondokea sementi ya uani. Hii itatoka? Hilo tu ndilo alilosema.

Kesho anasafiri, anarudi Jumapili ijayo. Ndipo kuku wake wataletwa. Akanikumbusha: hakuna mgeni humu ndani. Aliyenitangulia alimlaza shemeji yake usiku mmoja, kesho yake akafungashwa virago. Ndiyo bosi, nikasema. Ndiyo bosi. Ulimi wangu umeota sugu.

Jumatano, 12 Machi

Mama yuko kwenye basi!

Na kuku watatu kapuni. Hataki banda la mwanawe likae tupu. Nikasema, mama, goti! Akasema goti amelikatia tiketi yake. Simu ikakatika.

Nimefagia ua wote. Nimetoa mifuko ya saruji stoo, ninakolala. Nimeirudisha. Itakaa wapi?

Ijumaa, 14 Machi

Amefika. Amekuwa mdogo, kapu linamzidi. Nimempitisha pembeni, moja kwa moja hadi bandani. Ameingiza kichwa. Amepitisha kiganja kwenye fito zote. Akachimba kwa kidole kuutafuta wavu, akaupata.

"Ulinisikiliza," akasema.

Miaka minane naingoja sauti ile. Nimeipata kwa uongo.

Akafungulia kuku wake. Nyumba kubwa ameitazama mara moja tu. Nikasema ufunguo nimeusahau kazini. Loo! Nikamkaribisha stoo, nikasema hapa naweka vitu. Akatazama godoro juu ya mbao, sufuria, shati langu kwenye msumari.

"Vitu vyako," akasema.

Tumekunywa chai. Kikombe ni kimoja, tumepokezana.

Saa kumi jioni — honi getini. Siku mbili kabla! Nimeganda na kikombe mkononi. Nikaanza kutunga: huyo ni jirani, huyo ni...

"Kafungue geti, baba," mama akasema. "Bosi wako huyo."

Kumbe alijua. Tangu lini? Tangu geti? Tangu simu ya kwanza?

Nimefungua. Kuku wamelia kabla sijaamkia. Ni nani huyu? Mama yangu, bosi. Hakupandisha sauti. Ameniambia nisubiri stoo, atanishughulikia.

Ndiyo naandika. Wako bandani wote wawili. Nawasikia, siwaoni — stoo haina dirisha. Bosi anasema kijana wake amemdharau. Kijana! Nina mvi.

Mama anajibu taratibu, kwa adabu zote: "Wako wa kazi, mama. Wa kuzaa ni wangu. Niambie tu, nimwache au niondoke naye."

Kuku wanaparua.

Bosi bado hajajibu. Na mimi hakuna aliyeniuliza.

Nimetoa shati kwenye msumari. Nimelirudisha. Nimelitoa tena.