Kidole Tumbo cha Mueni

Alhamisi. Nje ni joto la kukaanga yai barabarani, humu wodini kiyoyozi kinanitetemesha. Nina nyuzi tumboni, na nina hasira.

Nianze na kosa langu. Bosi wa hoteli ninapofanya usafi, mtaa wa Al Muraqqabat huku kwa Waarabu, ananiahidi kadi ya bima tangu nilipofika. Kila nikiuliza ni wiki ijayo, inshallah. Juzi tumbo lilinikata upande wa kulia mpaka nikashindwa kutandika kitanda cha mgeni. Mueni, Mkenya ninayeishi naye chumba kimoja, akanipa kadi yake.

"Enda nayo tu, dear. Hao hawawezi kututofautisha."

Kliniki ya kwanza ilikuwa imenirudisha mlangoni: sina bima, sina hata kadi ya benki ya kuweka dhamana. Ya pili nikaingia kwa jina la Mueni, nikakaribishwa na maji ya kunywa.

Daktari akanibonyeza tumbo, nikapiga ukelele. Kisha akasoma kompyuta yake. Akasema haiwezi kuwa kidole tumbo, maana changu kilishatolewa mwaka jana. Akaniandikia dawa za gesi.

Kilichotolewa ni cha Mueni. Changu kilikuwa ndani, kinaniua.

Niliogopa, sitadanganya. Niliogopa polisi, niliogopa kurudishwa Morogoro mikono mitupu, na zaidi ya yote nilimwogopea Mueni, ambaye kosa lake ni huruma tu. Nikaishika ile karatasi ya dawa. Halafu nikamrudishia.

"Mimi si Mueni. Naitwa Rehema. Tazama, sina kovu."

Akatazama. Akanisukumia kadi, akasema yeye hakuiona, akaita ambulensi. Waliponipasua, waliniambia baadaye, kilikuwa kimebakiza kidogo sana kupasuka chenyewe.

Bili itakuja, najua. Sioni aibu kuwa hai huku nadaiwa.

Leo bosi amepiga simu. Hakusema pole. Aliuliza kama Jumamosi nitakuwa kazini. Nikamjibu nitakuja, ila sitashika ufagio. Nitakuwa na karatasi za hospitali, na nikitoka kwake nazipeleka ofisi ya kazi, aje kueleza mwenyewe kwa nini mfanyakazi wake alipasuliwa bila bima.

Akaanza kunipigia kelele. Nikakata simu.

Mwaka mzima nimemwitikia "yes, sir" hata akikosea. Nilikuwa naogopa nini hasa?

Huenda akanifukuza. Jumamosi naenda.