Bomu la Joël

Raissa, uko? Mama amemmaliza Joël sasa hivi. Hapa Yoba, kwenye sherehe ya mahari ya binti wa Joël mwenyewe. Kesho Gitega yote itajua.

Joël alisimama, akakunja mkono wa shati, akaonyesha kovu. "Bomu la Muyinga, 97."

Bomu. Ati bomu.

We unajua mama alifanya kazi chini yake kule Muyinga, kwenye kiwanda cha mafuta, Joël akiwa injinia mkuu, wakati wa embargo, majirani wametufungia mipaka, dawa za kiwanda haziingii. Mama ndiye alitengeneza ule unga mweusi wa nikeli, laini kushinda poda ya mtoto, wa kusaidia hidrojeni kugandisha mafuta ya pamba. Akauacha ndani ya maji. Akamwambia: usiukaushe, ukikauka unawaka wenyewe.

Joël akamjibu, "Mama Shakila, mi nimesoma Ulaya." Akauanika juani kama muhogo.

Ukawaka. Ukamuunguza mkono, akatoka mbio akilia "Waasi, waasi." Mtaa mzima ukalala kwenye migomba siku mbili. Mi nilikuwa na homa, bibi amenibeba mgongoni, tunakimbia vita vya Joël.

Leo mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, pole pole:

"Na lile bomu, ingénieur, ni nani alikuwa amelianika?"